Mstari wa Kuku Mweupe

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na mitatu. Chekeni kwanza, halafu tuendelee. Hakuna aliyenipa saa ya ukutani wala kunikatia keki, kwa sababu mwajiri nilikuwa mimi na mwajiriwa nilikuwa mimi, na wote wawili hatukuwa na hela ya keki. Mwezi uliopita nilibandika karatasi ya mwisho kwenye ukuta wa duka la spea pale njia panda ya Makambako, nikapanda gari la Njombe. Nilipofika nyumbani nilifunika taipureta kwa kitenge, nikakaa kitandani na koti mwilini, nikijiuliza kama neno "Alhamisi" kwenye karatasi ile nililiandika sawasawa. Mpaka leo sina hakika.

Ninaandika haya kwa ajili ya Frida na wenzake wawili, niliokutana nao kwenye intaneti kafe ya hapa Njombe mjini. Wamefungua blogu. Wanaandika habari za viazi, za barabara, za nani amejenga nini, na wanataka siku moja iwalishe. Frida aliniuliza, "Dada Tabita, wewe umeishi kwa kuandika miaka kumi na miwili bila kuajiriwa na mtu. Hela ilikuwa inatoka wapi?" Nilimwambia nitafikiria. Ukweli ni kwamba niliogopa kumjibu vibaya. Jibu hili nimeliandika mara nne. Hii ni ya tano, na nimeapa haitakuwapo ya sita.

Nilianza katika miaka ile watu waliyoiita ya ruksa. Kabla yake, huku kwetu mahindi na pareto vilikuwa na mnunuzi mmoja na bei moja, ukiisikia mara moja umeisikia kwa msimu mzima. Halafu kila mwenye lori akaruhusiwa kununua. Bei ya viazi asubuhi Njombe ikawa hii, mchana Makambako ikawa nyingine, na mkulima akawa mtu wa mwisho kuzijua zote mbili. Baba yangu aliuza magunia yake siku moja asubuhi, na mchana akasikia jirani ameuza kwa karibu mara mbili. Alivua kofia, akaitazama ndani kama aliyeweka kitu humo, akaivaa tena. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na cheti ambacho hakikunifikisha popote. Ile kofia ndiyo iliyonifikisha Makambako.

Wakati huohuo ofisi moja ya ushirika ya kule kwetu ilikuwa inafungwa na kuuza vitu vyake: meza, mizani, benchi. Mjomba alininunulia taipureta. Pamoja nayo nilipewa kitabu cha kujifunzia kuchapa, kilichokuwa kimechanika kurasa za tarakimu. Nilijifundisha herufi zote bila kuangalia vidole, ila namba sikufundishwa na mtu wala na kitabu. Kwa hiyo mwandishi wa bei wa Makambako, kwa miaka kumi na miwili, alikuwa anatafuta kila tarakimu kwa macho kama kuku anayetafuta punje.

Karatasi yangu niliiita Bei na Safari. Asubuhi nilizunguka soko la Njombe na daftari, nikauliza viazi, mahindi, maharage na njegere. Stendi nikauliza lori gani linakwenda wapi. Kisha nikajifungia chumbani kwa shangazi kuchapa stensili. Stensili, kwa ninyi mliokuta kompyuta, ni karatasi yenye nta. Herufi inaitoboa, na wino unapita kwenye matundu hayo hadi kwenye karatasi ya kawaida. Ukikosea unapaka dawa nyekundu inayonukia kama rangi ya kucha, unasubiri ikauke, unachapa tena juu yake. Mahali hapo pana kovu milele. Mimi sikuweza kulala nyumba moja na kovu. Stensili ya kwanza niliichana kwa sababu ya kovu moja, ya pili kwa sababu mstari wa juu uliinama, ya tatu sikumbuki kosa lake. Ya nne niliipeleka kwenye shule moja yenye mashine ya kurudufu, nikaruhusiwa kuizungusha baada ya vipindi. Nikapanda gari la Makambako nimezikumbatia nakala kama mtoto mchanga.

Ukuta nilipewa na Mzee Hamisi. Alikuwa Mrangi kutoka Kondoa, amefika Makambako kijana, akafungua duka la spea mahali ambapo malori ya Songea, ya Mbeya na ya Iringa lazima yapunguze mwendo. Aliniambia ukuta wake umekaa bure na yeye hapendi kitu kinachokaa bure. Siku ile ya kwanza aliisoma karatasi yangu miwani ikiwa juu ya paji la uso.

"Hii bei ya viazi ni ya lini?"

"Ya Jumanne, mzee."

"Leo siku gani?"

"Alhamisi."

"Basi, binti yangu, umeandika historia. Walimu wataipenda." Akaishika kwenye mwanga. "Lakini safi! Haina hata doa. Gari limeshaondoka, wewe bado unampaka abiria mafuta."

Madereva waliokuwa pale walicheka. Nilicheka nao, halafu nikaenda nyuma ya duka kulia. Frida, unapokaa na habari yako siku tatu ukitafuta picha nzuri zaidi, mimi nakuelewa kuliko mama yako mzazi anavyokuelewa. Lakini viazi havisubiri.

Nilijifunza kuwahi. Kovu sikujifunza kulipenda, nilijifunza tu kupanda gari nalo. Karatasi ikawa inatoka Jumatano na Jumamosi, na watu wakaanza kuisubiri ukutani. Hapo nikakutana na jambo ambalo ninyi mmeshakutana nalo: wasomaji tele, wanunuzi hakuna. Nani anunue nakala wakati ile ya ukutani inasomeka? Kwa akili zangu nikachukua gunia, nikafunika nusu ya chini, nikaandika juu yake kwamba nusu nyingine inauzwa ndani. Dereva mmoja wa Songea akasimama, akavua kofia, akainamisha kichwa.

"Poleni sana," aliniambia. "Marehemu alikuwa nani?"

Gunia lilikaa siku moja. Wasomaji walipungua siku hiyohiyo, na aliyenitoa ujinga hakuwa msomi. Alikuwa Mama Neema, mama ntilie wa jirani, aliyekuja na mwiko mkononi.

"Mwandishi, hawa wanaosimama hapa kusoma bure, wana njaa au hawana?"

"Wana njaa, mama."

"Sasa unawafukuza kwa gunia la nini? Waandikie kwamba supu ya Mama Neema ipo hatua kumi kutoka hapo waliposimama. Nitakulipa mimi."

Hivyo ndivyo nilivyopata tangazo la kwanza, na hivyo ndivyo nilivyofahamu kwamba wale wanaosoma bure ndio bidhaa yangu. Baada ya supu likaja gereji, baada ya gereji gesti, baada ya gesti fundi wa maturubai. Bei ya mstari mmoja niliipanga sawa na bei ya andazi, ili mtu asihitaji kufikiri sana.

Mafanikio yakaleta jirani. Kijana mmoja wa upande wa pili wa barabara akabandika karatasi yake, akinakili bei zangu saa moja baada yangu. Alinakili hata siku niliyokosea nikaandika bei ya njegere kubwa kuliko ya nyama. Nilikosa usingizi kwa sababu yake. Mzee Hamisi aliniambia, "Ruksa ni ruksa, mwanangu. Hata mimi kuna wanne wanauza breki mtaa huu. Tafuta kitu ambacho mtu hawezi kukinakili kwa kuchungulia."

Kitu hicho kilinijia chenyewe, kikiwa kimevaa kanga na kubisha hodi. Simu zilikuwa chache, za waya, na za wenyewe. Mtu mwenye mume kwenye malori, kaka kwenye mashamba ya chai au mama aliyelazwa hospitali ya Ilembula, alikuwa hana njia ila kumwagiza mtu. Ukuta wangu ulisomwa na madereva wote. Watu wakaanza kuja kuleta maneno: mwambie fulani msiba umetokea, mwambie fulani mbegu zimefika, mwambie fulani mtoto amezaliwa wa kike. Nikafungua sehemu ya chini ya karatasi, nikaiita Wito. Mwaka wa tatu ilikuwa inaniletea zaidi kuliko matangazo mengine yote.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo limenifanya nichane jibu hili mara nne.

Mtu wa huku kwetu haanzi na shida yake. Anaanza na kamwene, salamu yetu, anauliza nyumbani, anasema mvua, anasema ng'ombe, anapitia kwa bibi, na shida utaikuta mwishoni imekaa kwenye kona kama mgeni asiyetaka kusumbua. Ndivyo walivyonisimulia Wito wao. Nilikuwa na daftari ambamo niliandika kwanza kila neno kama lilivyosemwa, maana naogopa kusahau. Halafu nikachukua kalamu nyekundu, nikakata. Nilikata salamu, nikakata mvua, nikakata bibi. Kilichobaki kilikuwa mistari miwili au mitatu iliyonyooka kama uzi wa fundi mwashi. Niliwaambia ninawapunguzia gharama. Ni kweli, walilipa kidogo. Lakini nakiri kwamba sikuwa nakata kwa ajili ya mifuko yao. Nilikuwa nakata kwa sababu ukurasa ulipendeza.

Baadhi hawakurudi. Nilifikiri wamehama.

Enesi alikuja siku ya Jumatatu, ametoka Ikonda, safari ya kutwa nzima kwa barabara ya msimu wa mvua. Alikuwa Mkinga wa Makete, mjamzito, mwenye sauti ya chini. Mtoto wake wa kwanza, Tumaini, wa miaka minne, alikuwa amelazwa hospitali huko Ikonda na tumbo lililohitaji kupasuliwa. Alikuwa amemwacha na mama yake mzazi. Walitakiwa ndugu wa kutoa damu, na yeye kwa hali yake asingeweza. Mume wake Yosia alikuwa dereva wa lori la bluu la tajiri mmoja, anazunguka kati ya Songea na Mbeya, na kupita Makambako lazima apite.

Alikaa kwenye gunia la mahindi mlangoni kwa Mzee Hamisi, akanisimulia. Niliandika yote. Katikati ya maneno akasema, "Na umwambie yule kuku mweupe anayelala jikoni bado hajapata jina."

"Hilo nalo, mama?"

"Ndiyo, dada."

"Mama, huo ni mstari mzima. Utalipia bure. Tuseme tu mtoto anaumwa, aje haraka. Ndiyo muhimu."

Alitazama mikono yake. "Wewe ndiye uliyesoma," alisema.

Sikuuliza zaidi. Jumatano Wito ukatoka: "YOSIA, DEREVA. MTOTO TUMAINI NI MGONJWA. UNAHITAJIKA IKONDA HARAKA. MKEO ENESI." Mistari minne mifupi, bila neno la ziada. Niliitazama ukutani kutoka hatua tano, nikajisikia vizuri. Nakumbuka hivyo kwa aibu: nilijisikia vizuri sana.

Jumanne iliyofuata nilipofika na nakala za kurekebisha bei, Enesi alikuwa amekaa palepale kwenye gunia, viatu vimejaa matope.

"Hakuja," alisema.

Mzee Hamisi alitoka dukani akijifuta grisi. Hakunitazama mimi, alimtazama yeye. "Alipita, mwanangu. Alhamisi. Alisimama hapa hapa, akasoma. Akacheka kile kicheko kisicho na furaha, akasema, kaka zangu wameanza tena. Nikamwambia, Yosia, jina la mkeo si hilo hapo? Akasema, jina ni lake, maneno si yake. Enesi haongei hivi. Akawasha gari."

Hapo ndipo Enesi alipoeleza, polepole, kama anayeomba radhi. Kaka za Yosia walikuwa na mgogoro naye wa shamba. Mara mbili walikuwa wamemwita nyumbani kwa maneno ya uongo, njoo mtoto anaumwa, njoo mkeo amezidiwa, na mara zote mbili aliacha kazi akakuta kikao cha ukoo kinamsubiri. Mara ya pili karibu tajiri amfukuze. Akamwambia mkewe: kuanzia leo, ukiniita wewe, weka neno ambalo wao hawawezi kulijua. Yeye na mkewe walikuwa wamenunua kuku mweupe wiki ileile, wakabishania jina, wakaahirisha.

"Kwa nini hukuniambia, Mama Tumaini?" nilimuuliza.

"Nilikwambia, dada. Ukasema ni bure."

Nilifungua daftari. Lilikuwepo neno kwa neno, kuku mweupe anayelala jikoni, na juu yake mstari wangu mwekundu uliopigwa kwa rula. Nilipiga kwa rula! Hata kosa nililifanya kwa unadhifu. Upasuaji ulikuwa umepangwa Ijumaa. Tumaini alikuwa hawezi tena kukaa. Yosia alikuwa huko Songea au njiani kurudi, na hakuna aliyejua kama atasimama tena kusoma ukuta aliokwisha kuuita mwongo.

Taipureta ilikuwa Njombe, mashine ya kurudufu Njombe. Nikamwomba Mzee Hamisi kitu cha kuandikia. Alinipa kalamu nene ya kuwekea alama kwenye makasha ya spea, na karatasi za kufungia vitu, za kaki.

"Sema, mama," nikamwambia Enesi. "Sema kama ungekuwa unasema naye. Sitagusa."

Alisema, nami nikaandika. Bila rula, mistari ikapanda na kushuka kama milima ya Makete. Aliposema neno la Kikinga niliuliza linavyotamkwa, nikaliandika hivyohivyo. Ilisomeka hivi:

"Baba Tumaini, kamwene. Sisi huku tupo, isipokuwa Tumaini hawezi kukaa. Mvua imenyesha wiki nzima na kule darajani gari letu lilisukumwa, hata mimi nilitaka kushuka nisukume wakanikataza. Mama yangu anakusalimu, anasema lile la sherehe limekwisha. Yule kuku mweupe anayelala jikoni bado hajapata jina, tulikubaliana utampa wewe. Ijumaa mtoto anapasuliwa na wanataka damu ya ndugu, mimi hawanitoi kwa hali unayoijua. Kaka zako hawajui kwamba niko hapa. Usipite. Ni mimi Enesi, nimekaa kwenye gunia kwa Mzee Hamisi, yule anayekuuzia breki."

Tuliandika moja ya ukutani, na nyingine tano za kupeleka. Enesi alipanda gari la kurudi Njombe ili aunganishe kwenda Ikonda, maana hakuweza kumwacha mtoto tena. Sisi tukabaki na karatasi. Mzee Hamisi alisimama barabarani katikati, mtu mzima mwenye kanzu na grisi, akasimamisha kila lori la Songea.

"Unamfahamu Yosia wa lori la bluu?"

"Namfahamu, mzee."

"Mpe hii. Na wewe mwenyewe isome, ili ikipotea uwe nayo kichwani."

Kufikia jioni ile Makambako nzima ilijua habari za kuku. Sikurudi Njombe. Nililala kwa Mama Neema, na Jumatano na Alhamisi nilikaa kwenye lile gunia tangu asubuhi, bila taipureta, bila kazi, nikiitazama barabara ya Songea. Toleo la Jumatano halikutoka. Lilikuwa toleo la kwanza kulikosa tangu nianze, na kwa mara ya kwanza sikujali. Madereva walikuwa wakipita wananipigia honi. "Dada Kuku! Ametaga?" Utingo mmoja akawika kabisa. Niliwapungia mkono.

Alhamisi kabla ya adhuhuri lori la bluu likaja kwa kasi isiyofaa pale njia panda, likasimama nusu barabarani. Aliyeshuka alikuwa mtu mfupi, ameshika karatasi yetu ya kaki iliyokunjwa. Hakutusalimu. Akaenda ukutani akalinganisha, akisoma kwa sauti, kidole kikifuata mistari iliyopinda. Alipofika kwa kuku alisimama. Akaegemeza paji la uso kwenye ukuta, mabega yakitikisika, na sisi hatukujua kama anacheka au analia, na nadhani yeye pia hakujua.

"Huyu ndiye Enesi," alisema. "Huyu ndiye."

Kisha akageuka. "Ile ya kwanza aliandika nani?"

Ningeweza kukaa kimya. Mzee Hamisi asingenisema. "Mimi," nikamwambia. "Kuku alimtaja tangu siku ile. Nilimkata mimi."

Nilitamani anitukane.

"Kwa nini?"

"Nilifikiri hana maana."

"Dada," alisema taratibu, "hujaolewa wewe."

Mzee Hamisi akacheka kwa nguvu, Yosia naye akacheka, na kicheko kile ndicho kilichomwondoa pale ukutani. Funguo za lori akamwachia mzee, aliyetafuta dereva wa kulifikisha Mbeya na akaenda mwenyewe kumweleza tajiri. Pikapu ya viazi, ikiwa tupu, ilikuwa inarudi Njombe. Yosia akaruka nyuma.

Halafu kimya. Wiki nne. Hapakuwa na njia ya kujua. Nilitoa karatasi kama kawaida, lakini kalamu nyekundu nilikuwa nimeitupa jaani, na kila Wito uliingia mzima, na mvua yake na bibi yake. Ukurasa ulikuwa mbaya, umejaa kama basi la Krismasi. Na watu wakaongezeka. Walikuja kutoka Wanging'ombe, walikuja Wapangwa kutoka Ludewa, na wale niliofikiri wamehama nao wakarudi. Maandazi yakawa mengi kuliko nilivyowahi kuyaona. Walikuwa tayari kulipia mistari kumi kumwambia mtu maneno mawili, mradi ile minane iwe yao. Yule jirani wa ng'ambo alijaribu kunakili na Wito, akashindwa. Bei za viazi unaweza kuzichungulia. Bibi ya mtu huwezi.

Wiki ya tano Enesi akaja, na tumbo limekuwa kubwa. Nilimwona kabla hajavuka barabara nikaogopa, kwa sababu alikuwa peke yake. Halafu nyuma yake akatokea Yosia, na mgongoni kwa Yosia kichwa kidogo chenye kofia ya sufu.

"Shikamoo," kichwa kile kiliniambia. Niliitikia marahaba mara mbili.

Enesi aliweka hela kwenye meza. Alitaka kulipia mistari yote ya ile karatasi ya kaki. Nilikataa, akasisitiza, hasa ule wa kuku. "Huo ndio ulikuwa na kazi," alisema.

"Na jina amepata?" Mzee Hamisi akauliza.

Wale wawili wakatazamana. Yosia akajikohoza.

"Tumemwita Mwandishi," Enesi alisema kwa ile sauti yake ya chini. "Kwa sababu anapekua kila kitu, halafu kizuri anakitupa nyuma."

Nilikuwa na miaka ishirini na tano. Sijawahi kupata cheti kingine kinachonifaa kama kile.

Miaka iliyobaki ilikwenda vizuri, na mambo yakienda vizuri hayana masimulizi mengi. Nilinunua mashine yangu ya kurudufu. Mama Neema akajenga. Mzee Hamisi alizeeka, macho yakachoka, nikawa namsomea ukuta wake mwenyewe. Halafu minara ikasimama juu ya vilima, na simu za mkononi zikaanza kulia ndani ya malori. Bei ya viazi ikawa inafika shambani kabla sijamaliza kuchapa kichwa cha habari. Wito ukapungua, wiki moja minane, wiki moja mitatu. Sikumlaumu mtu. Ruksa ni ruksa.

Siku ya toleo la mwisho nilikuwa na Wito mmoja tu. Alikuja Enesi hadi kwangu Njombe, simu ikining'inia shingoni kwa kamba.

"Mama Tumaini, wewe una simu. Si umpigie?"

"Nampigia kila siku. Akishakata, maneno yamekwisha. Haya nataka ayakute yamesimama."

Frida, nimeyabandika hapa chini kama yalivyotoka kwenye mashine. Katika neno la tatu la mstari wa pili herufi moja imekaa juu kuliko wenzake. Niliiona kabla sijarudufu, na dawa nyekundu ilikuwepo mezani.

"Baba Tumaini, kamwene. Sisi huku tupo. Tumaini amekuwa mrefu, ile suruali yako ya bluu sasa ni yake, usiitafute. Mdogo wake amekataa kunyolewa. Mahindi yamebeba. Huyu dada anafunga kazi leo na amenenepa, ukipita umsalimie kabla hajaondoka. Kuku mweupe tulishamla zamani na paja ulikula wewe, lakini kuna mjukuu wake naye ana tabia ya kulala jikoni. Hana jina. Usipite."